Majina yenu yanalala wapi?
Namna tunavyotunza nakala za orodha na hati za masikilizano



Katika mikutano yetu kuna ulizo moja linalorudi kila mara. Mama mmoja alilisema wazi mbele ya wote: "Mmeniandika kwenye kambi ya kwanza, mmeniandika kwenye ya pili, na leo tena mnaniandika. Hayo majina mnayapeleka wapi?" Siku ile tulimjibu haraka kwamba yako kwenye kompyuta na kwamba yanalindwa. Jibu hilo halikumtosha. Kusema kweli, halikututosha hata sisi. Katika kurasa hizi tunajaribu kumjibu vizuri zaidi.

Habari yenyewe ni ya kiufundi, lakini isiwatishe. Mkulima anayejua kugawa mbegu zake, nyingine za kupanda na nyingine za kuficha kwa shemeji yake kijiji cha pili, amekwisha kujua nusu ya tutakayosema.

Kitu gani kinalindwa

Ofisi yetu inatunza mambo ya namna tatu. Kuna orodha za familia, pamoja na majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Kuna maelezo ya watu waliokuja kutusimulia yaliyowapata. Na kuna hati za masikilizano: makubaliano yaliyofanywa mbele ya wapatanishi kati ya familia mbili zilizokuwa zikigombania shamba, yakiwa na mipaka, majina ya mashahidi na alama za vidole.

Hati hizo ndizo zilizotufundisha kwa uchungu. Miaka ya nyuma tulikuwa na kompyuta moja, na kando yake diski ya nje ambayo tuliiita "nakala". Kila jioni tulinakili kazi ya siku, tukajiona watu waangalifu. Siku moja umeme ulikatika, halafu ukarudi kwa nguvu kupita kiasi. Kompyuta iliungua. Diski nayo iliungua, kwa sababu ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Karatasi za miezi mitatu tulikuwa hatujazipanga. Nyingine zililowa mvua, nyingine hatukuzipata tena. Tulilazimika kurudi vijijini kuomba watu watie vidole upya. Wengi walikubali. Lakini katika mgogoro mmoja mzee aliyekuwa ameachia nusu ya shamba alikuwa amefariki, na mwanawe akasema hajui makubaliano yoyote. Kazi ya mwaka mzima ya wapatanishi ilirudi chini kabisa, na familia ya pili mpaka leo inalima kwa hofu.

Kwa hiyo kupoteza hati si hasara ya ofisi. Ni hasara ya aliyetoa kidole.

Lakini kuna ubaya wa pili, nao watu wa Kivu hawahitaji kufundishwa. Orodha ya majina pamoja na vijiji vya asili, ikiingia mikononi mwa mtu mbaya, ni silaha. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao walikuwa wameingia katika seva zilizotunza habari za watu zaidi ya 515,000: waliopotezana na jamaa zao kwa vita na maafa, waliopotea, waliofungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Wezi walipita kwenye tundu la programu moja ambalo halikuwa limezibwa kwa wakati. Kama shirika kubwa namna ile lilipatwa, sisi wadogo hatuna sababu ya kujivuna.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Dawa ya kupotea ni kuwa na nakala nyingi. Lakini kila nakala ni mlango mwingine ambao mwizi anaweza kuuvunja. Mtu akiwaambia kwamba amefanya nakala kumi na hivyo mambo ni salama, mwulizeni funguo za milango hiyo kumi ziko kwa nani.

Mashine ndani ya mashine

Seva ni kompyuta yenye nguvu ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Zamani seva moja ilifanya kazi zote pamoja: orodha, barua, hesabu, maelezo ya siri. Ilikuwa kama familia nne kulala chumba kimoja. Mmoja akikohoa wote wanaugua.

Siku hizi tunatumia mashine pepe. Ifikirieni seva kama lupango moja. Ndani yake programu maalumu inajenga nyumba kadhaa, kila moja na kuta zake, mlango wake na kufuli lake. Kila nyumba inajiona ni kompyuta kamili yenye diski na kumbukumbu yake, lakini kuta zake ni za programu, si za chuma. Hiyo nyumba ndiyo mashine pepe. Sisi tunatumia Proxmox, programu huru isiyodai malipo ya leseni, inayokaa juu ya Debian. Ziko nyingine zinazofanya kazi ileile, na hatugombani na anayezitumia.

Seva yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 16. Tumeijengea nyumba tatu. Ya kwanza, yenye gigabaiti 4, inatunza daftari la familia. Ya pili, yenye 4 pia, inatunza hati za masikilizano. Ya tatu ni ndogo, inatunza maelezo ya siri, na haina njia ya kwenda kwenye intaneti hata kidogo. Zinazobaki hatukuzigawa zote. Seva yenyewe inahitaji sehemu ya kupumulia, na tunahitaji nafasi kwa ajili ya majaribio tutakayoeleza mbele.

Faida yake kwa nakala ni hii. Mashine pepe nzima, pamoja na programu na habari zake zote, inaweza kukunjwa kama mkeka na kuwa faili moja. Mkeka huo unaweza kutandikwa kwenye seva nyingine, hata ya aina tofauti, mradi ina nguvu ya kutosha. Katika miji yetu hilo ni jambo kubwa. Kompyuta ikifa Goma au Uvira hupati dukani nyingine iliyo sawa nayo. Unachukua ile unayoipata. Zamani tungetumia wiki moja kupanga programu upya, na pengine tusingekumbuka jinsi zilivyokuwa zimepangwa.

Picha si nakala

Programu hizi zina kifungo kinachowadanganya wengi. Ukikibonyeza, mashine pepe inapigwa "picha" ya papo hapo, na ukiharibu kitu baadaye unaweza kurudi kwenye hali ya wakati ule. Ni kifungo kizuri, tunakitumia kabla ya kubadili programu. Lakini picha hiyo inaishi kwenye diski ileile na inaitegemea. Ni kama chipukizi ambalo halijatengwa na mgomba: ukiung'oa mgomba na shina lake lote, nalo linakwenda. Nakala ya kweli ni chipukizi lililong'olewa na kupandwa shamba lingine.

Tumekuta pia watu wenye bidii waliojenga mashine pepe ya nne, wakaiita "ya nakala", ndani ya seva ileile! Wameweka mbegu za akiba kwenye ghala lilelile. Na umbali nao una hesabu yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja ambao nakala zao zilikuwa zimetunzwa palepale, na walipoteza kazi na nakala kwa usiku mmoja. Hapa kwetu hatuhitaji kwenda Ufaransa kutafuta mfano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ilitapika tena, na siku tano baadaye mitaa kumi ya mji iliamriwa kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, maghala ya misaada yakaporwa, na Februari kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa na watu wakatawanyika. Nakala iliyo chumba cha pili haisaidii mji mzima unapohama.

Kwa hiyo tunatunza tatu. Moja iko kwenye kompyuta ndogo isiyo na kioo katika jengo lingine, karibu na ofisi. Moja iko kwenye diski inayopelekwa kwa mkono mji mwingine kila wiki. Moja inakwenda nje ya nchi kwa intaneti.

Namna tulivyoipanga

Wengi wanapanga nakala zifanyike usiku wa manane. Sisi tulijaribu, tukashindwa, kwa sababu usiku betri za sola zimechoka. Sasa zinafanyika saa 7 mchana, jua likiwa kali na makarani wakiwa wanakula. Kitabu cha maelezo hakikutuambia hivyo.

Kabla ya nakala kuchukuliwa, kuna programu ndogo ndani ya kila mashine pepe inayosema: "Ngojeni, maliza sentensi yako." Daftari la kompyuta huwa linaandika muda wote. Ukilinakili likiwa katikati ya neno, ni kama kumpiga picha mtoto anayekimbia, sura haionekani. Programu hiyo inasimamisha maandishi kwa sekunde chache, nakala inaanza, kisha kazi inaendelea. Juu ya hiyo, daftari lenyewe linatoa nakala yake ya maandishi kila siku, ili tukishindwa kufungua mkeka mzima tupate angalau majina.

Intaneti yetu ni ya polepole. Mashine pepe yenye gigabaiti 40, ukiituma yote kwa megabiti 2 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya saa 44 bila kukatika, jambo ambalo hatujaliona. Ndiyo maana safari ya kwanza tulipeleka nakala nzima kwa diski. Tangu hapo yanatumwa mabadiliko tu. Siku ya kawaida hayazidi megabaiti 200, na yanapita kwa dakika 13 au 14.

Tunabakiza nakala za siku 7 za mwisho, za wiki 4 na za miezi 12. Sababu ni kwamba kosa huwa halionekani siku hiyohiyo. Karani anaweza kufuta ukurasa leo na familia ikaja kuuliza baada ya miezi mitano.

Sehemu iliyotuumiza kichwa ni ruhusa. Kuna programu mbaya zinazoingia kwenye kompyuta, zinafunga kila kitu na kudai fidia. Zikikuta seva ina uwezo wa kufuta nakala, zinaanza na nakala. Kwa hiyo seva yetu inaweza kuongeza nakala mpya lakini haina ruhusa ya kufuta za zamani. Na ile kompyuta ya jengo la pili haingojei kuletewa. Inakuja yenyewe kuchukua, na funguo zake haziko popote ndani ya seva. Anayeishika seva hawezi kuifikia.

Diski inayopita kwenye vizuizi

Diski ya kila wiki inasafiri kwa pikipiki au kwa boti, na njiani kuna vizuizi. Yote yaliyomo yamesimbwa, maana yake yamegeuzwa fumbo ambalo bila neno la siri ni takataka tupu. Anayeibeba halijui neno hilo. Hilo si kumdharau. Ni kumkinga, kwa sababu mtu hawezi kulazimishwa kusema asichokijua. Wala hatuifichi kwenye unga au chini ya nguo. Kitu kilichofichwa kinaleta maswali mabaya. Inakaa juu ya mfuko pamoja na barua ya kazi. Na tumekubaliana hivi: akidaiwa, anaitoa bila kubishana. Ziko nakala nyingine mbili. Mjumbe hana nakala.

Neno la siri lenyewe liko kwa watu wawili wanaokaa miji tofauti, na katika bahasha iliyofungwa kwa gundi mahali pa tatu. Hapa lazima tuseme ukweli: likipotea sehemu zote tatu, nakala zote zinakuwa takataka kwetu pia. Hakuna fundi wa kuzifungua. Tulibishana sana juu ya idadi ya watu wa kulishika, tukaishia wawili na bahasha. Wengine watachagua vingine.

Tena, kinga iliyo bora kuliko fumbo lolote ni kutoandika. Zamani fomu yetu ilikuwa na sehemu ya kabila. Tulipojiuliza imewahi kutusaidia kufanya nini, hatukupata jibu, tukaiondoa. Majina na maelezo ya siri sasa yako katika nyumba mbili tofauti, yakiunganishwa kwa namba tu. Mwenye kuiba moja atapata majina bila habari, au habari bila majina.

Nakala isiyojaribiwa

Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza kazi za mafundi wengine, alikosea seva wakati wa usiku akafuta habari kwenye ile iliyo hai. Walipokimbilia nakala zao, njia moja baada ya nyingine ilikuwa haifanyi kazi, na hakuna aliyekuwa amegundua. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kama saa sita kabla. Hawakuwa watu wajinga. Walikuwa watu waliotazama taa ya kijani.

Sisi tunajaribu kila mwezi. Tunachukua nakala, tunaitandika kama mashine pepe mpya, tunaiwasha na kuangalia kama inaongea. Mara ya kwanza tulifanya kosa la aibu. Mashine iliyofufuliwa ilikuta njia ya mtandao iko wazi, ikajiona iko kazini kama kawaida, ikaanza kutuma ujumbe wa simu uliokuwa ukingoja tangu wiki zilizopita: "Ugawaji ni kesho asubuhi, njooni na jetoni." Watu walifika alfajiri wakapanga mstari, wengine wakiwa wametembea saa tatu na watoto mgongoni. Hapakuwa na kitu cha kugawa. Tuliwaomba msamaha siku ile, na tunaomba tena hapa.

Tangu hapo mashine ya majaribio inatandikwa bila kadi ya mtandao. Inawaka, inafunguka, lakini haina njia ya kumwita mtu. Jaribio likiisha tunaifuta.

Ninyi mnaingia wapi

Kwanza, kwenye jaribio. Kamati inatuma watu wawili, na wao ndio wanaochagua hati tatu kwa kura kutoka kwenye sanduku la karatasi. Sisi tunatafuta hati hizo ndani ya mashine iliyofufuliwa, na wao wanalinganisha neno kwa neno. Viongozi, mnaweza kuomba jambo hilohilo kwa kila shirika linaloandika watu wenu. Msiombe waeleze, ombeni waonyeshe. Wasipoweza kufungua nakala mbele yenu, andikeni hivyo katika taarifa ya kamati.

Pili, kwenye ruhusa. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya nchi yetu, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kudai kisahihishwe. Mtu akitaka jina lake liondolewe, tunaliondoa kwenye daftari siku hiyo. Lakini tusiwadanganye: kwenye nakala za zamani litabaki mpaka zamu ya nakala hizo kufutwa ifike, yaani mpaka miezi 12. Tunatunza orodha fupi ya namba zilizoondolewa, ili tukilazimika kufufua nakala ya zamani tuziondoe tena kabla ya mtu yeyote kuifungua.

Yule mama aliyetuuliza alikuja katika jaribio moja akiwa mjumbe wa kamati. Alichagua hati kwa kura, akangoja akiwa amekaa mlangoni na mtoto. Ilituchukua saa 1 na dakika 40 tangu kuwasha mashine mpaka kuionyesha kwenye kioo. Alisoma polepole mipaka yote, kijito, mstari wa mikaratusi, jiwe. Halafu akasema: "Jina la shahidi wa pili mmelikosea." Tuliangalia kwenye karatasi. Alikuwa na haki. Tumelisahihisha kwenye daftari lililo hai. Kwenye nakala, kosa hilo litakaa mpaka mwaka ujao.